Mwiko na Daftari: Namna Tunavyowatazama Viumbe wa Mlangoni Petu

Bundi akilia juu ya paa usiku wa manane, nyumba nyingi za pwani yetu huamka. Kuna anayemtupia jiwe, kuna anayeanza kusoma dua, na kuna anayelala macho mpaka alfajiri akijiuliza ni nani katika ukoo ambaye hali yake si nzuri. Kusini mwa Uingereza, katika kijiji cha Selborne, bundi wawili weupe walikuwa wakizaa miaka nenda miaka rudi chini ya upenu wa kanisa. Kasisi wa kijiji hicho, Gilbert White, aliyezaliwa mwaka 1720 na kufariki mwaka 1793, alisimama nje na saa yake muda wa saa nzima akiwapigia hesabu. Aliona kwamba wakati wa kulisha makinda, mmoja wao hurudi kiotani takriban kila baada ya dakika tano, na anacholeta ni panya.

Ndege ni yule yule. Bundi mwenye uso mweupe wa umbo la kopa anaishi kwenye maghala ya Uingereza na anaishi kwenye magofu ya Malindi na Kilwa. Kilichotofautiana ni mtu aliyesimama chini akimtazama.

Wapo watakaoharakisha kusema kwamba kule palikuwa na elimu, huku ushirikina. Maneno hayo nimeyasikia kwenye semina za mazingira, na aghalabu hutoka vinywani mwa watu wetu wenyewe. Siyakubali. Ukilinganisha tamaduni kwa haki hushughuliki na nani alikuwa na akili zaidi. Unauliza kila utamaduni ulitazama kwa sababu gani, uliweka wapi kile ulichokiona, na baada ya vizazi kadhaa ni kitu gani kilichobaki hai. Swali hilo la mwisho ndilo linaloniuma, maana majibu yake hayaupi ushindi utamaduni wowote kati ya tamaduni nitakazozitaja.

Nianze na mlembe, kwa kuwa sijui mfano mwingine wa dunia hii unaomfikia. Ni ndege mdogo wa kijivu na kahawia, hana urembo wa kumsimamisha mtalii. Hula nta. Anaijua mizinga ya nyuki wa mwituni katika eneo lake, lakini hana nguvu za kupasua mti wala kinga ya kutosha dhidi ya nyuki wenye hasira. Binadamu ana shoka na moshi, ila hajui mzinga uko wapi. Basi mlembe humwendea mtu, hulia kwa mlio wa kuchachatika usiofanana na milio yake mingine, huruka hadi mti wa mbele, hutulia, humngoja. Mtu akisogea, naye husogea. Wakifika, mlio hubadilika na ndege hukaa kimya karibu, akisubiri mrina asali amalize kazi yake na kumwachia masega.

Mwaka 1989 mtafiti Mkenya Hussein Isack, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, walichapisha matokeo ya miaka ya kufuatana na warina asali wa Kiborana kaskazini mwa Kenya. Waborana walikuwa wakisema siku zote kwamba ndege huyu huwaonyesha upande, umbali, na mwisho mahali penyewe. Vipimo vilithibitisha kauli yao kipengele kwa kipengele. Mtu akiwa katika nchi asiyoizoea, kuutafuta mzinga mmoja peke yake kulimchukua kwa wastani saa 8.9; akiongozwa na mlembe, saa 3.2. Waborana nao wana namna yao ya kumwita: mbinja kali inayopulizwa kwa viganja vilivyofumbatwa, kwa kombe la konokono, au kwa kokwa la mkoma lililotobolewa, na husikika umbali wa zaidi ya kilomita moja.

Kusini zaidi, katika hifadhi ya Niassa nchini Msumbiji, Wayao hawapigi mbinja. Hutetemesha sauti mdomoni, kisha humalizia kwa mguno mfupi, mlio waliofundishwa na baba zao. Mtafiti Claire Spottiswoode na wenzake waliupima mlio huo mwaka 2016, wakakuta kwamba uwezekano wa mlembe kumwongoza mtu hupanda kutoka asilimia 33 hadi 66 akisikia mlio huo badala ya sauti nyingine yoyote. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania wao hupiga mluzi wenye tuni. Mwaka 2023 ikathibitika kwamba walembe wa Tanzania huuitikia mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko mlio wa Wayao, na wale wa Msumbiji huwaitikia zaidi Wayao. Kwa maneno mengine, ndege hawa wamejifunza lugha ya wenyeji wao, kila kundi na lahaja ya mahali pake.

Huku ndiko kutazama kwa hali ya juu kabisa. Hakuna darubini wala kitabu cha picha. Kuna masikio yaliyofunzwa tangu utotoni na mapatano yasiyoandikwa kati ya mtu na ndege asiyefugwa. Lakini nisiyapake sukari. Wayao huwekea mlembe nta yake palipo wazi aione. Wahadzabe mara nyingi huyachoma au kuyazika mabaki ya masega ili ndege abaki na njaa na aendelee kuongoza. Haya ni maisha ya watu wanaotafuta riziki, na hesabu zake ni za riziki. Ndiyo maana mapatano haya yanavunjika kirahisi: sukari ya dukani ikishafika na vijana wakaacha kurina asali ya mwituni, katika sehemu kadhaa za Afrika Mashariki mlembe naye ameacha kuwaendea watu. Hakuna aliyemdhuru, ila watu waliacha kumhitaji, na uangalizi wa karne nyingi ukakatika ndani ya kizazi kimoja.

Utamaduni wa pili unatazama kwa namna iliyo kinyume kabisa: kwa kutokwenda. Wamijikenda wa pwani ya Kenya walikaa ndani ya kaya, vijiji vyenye ngome vilivyofichwa katikati ya msitu mnene. Watu walipohamia mashambani, kaya zikabaki makaburi ya wahenga na mahali pa matambiko, chini ya wazee wa kaya. Mgeni anayeingia Kaya Kinondo, upande wa Diani, hufungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kuvuka mstari wa miti ya kwanza. Hakati kitu. Haokoti kitu. Hata kijiti kikavu kilichoanguka chenyewe hakitoki nje. Ndani mna kivuli kizito, mizizi iliyoyashika mawe ya matumbawe, na nyani juu ya matawi, ilhali mwendo mfupi tu kutoka hapo viwanja vya ufukweni vinauzwa kwa bei ya kutisha.

Wataalamu wa mimea walipoanza kuzipitia kaya moja baada ya nyingine katika miaka ya 1980, walikuta kwamba vipande hivi vidogo vimetunza miti na vichaka adimu ambavyo kwingineko pwani vilishakatwa. Hakuna mzee aliyekuwa ameweka mwiko ili kuokoa spishi. Mwiko uliwekwa kwa ajili ya makaburi na kwa ajili ya fingo, yaani kago la kaya, lililozikwa. Miti ilinusurika kwa sababu ilikuwa imesimama mahali patakatifu. Naliona jambo hili kuwa la maana sana. Heshima kwa wafu ilifanya kazi ambayo mabango ya idara za misitu hayakuweza kuifanya.

Hata hivyo mwiko una mpaka wake, na mpaka huo ni woga. Humfunga anayeuogopa tu. Mwenye hatimiliki kutoka mjini, ambaye hajui jina la mzimu hata mmoja wa Kidigo au Kigiriama, hauogopi. Ardhi ilipopanda thamani, wazee walisimama mbele ya buldoza wakiwa na maneno matupu, na maneno ya mzee hayana mhuri. Kilichowasaidia ni karatasi: orodha za mimea, ramani, na tangazo katika gazeti la serikali. Kuanzia mwaka 1992 kaya zikaanza kutangazwa kuwa minara ya kitaifa chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza kadhaa katika Urithi wa Dunia. Mwiko ulihitaji daftari ili uendelee kuishi.

Na woga huo huo una upande mwingine ambao hatuna budi kuusema. Katika kaunti ya Kilifi, nayo yenye kaya nyingi, wazee wenye mvi wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma za uchawi. Bundi hupigwa mawe. Kinyonga huuawa kwa sababu tu ni kinyonga. Hatuwezi kuusifu mwiko kwa kuhifadhi msitu kisha tukanyamaza unapomwaga damu. Anayetaka kuutetea utamaduni wake ana wajibu wa kuuchambua kwanza, achague cha kushika na cha kuacha, na kuua bundi ni cha kuacha.

Turudi kwa White, kwani yeye ndiye baba wa utamaduni wa tatu: kutazama kwa kalamu. Kuanzia mwaka 1768 hadi alipofariki aliandika karibu kila siku, juu ya upepo, mvua, ua lililochanua, ndege aliyefika. Barua zake kwa marafiki zikawa kitabu cha historia ya asili ya Selborne, kilichotoka na tarehe ya 1789. Alitenganisha ndege watatu wadogo ambao kwa macho ni kama pacha, akitumia nyimbo zao. Alitambua faida ya minyoo ya ardhini katika kuipa udongo uhai karibu karne nzima kabla Charles Darwin hajaiandikia kitabu chake cha mwaka 1881. Na haya yote aliyaona kijijini kwake, kwenye bustani na njia za mashambani alizozipita kila siku.

Lakini jambo moja lilimshinda: mbayuwayu. Kila vuli ya Ulaya waliondoka, kila majira ya kuchipua walirudi, na White hakuwa na hakika wanakwenda wapi. Wengine wa zama zake walidhani hulala mashimoni au hata chini ya maji, na yeye mwenyewe maisha yake yote aliyumba kati ya fikra hiyo na ile ya safari ya mbali. Jibu lilikuwa juu ya vichwa vya watu wa Afrika kila mwaka. Mbayuwayu hao wa Ulaya huonekana kwetu kuanzia mwezi wa kumi, wamejipanga kwenye nyaya na juu ya mashamba, mpaka mwezi wa tatu au wa nne waondoke. Mwaka 1911 mbayuwayu mmoja alivishwa pete mguuni huko Staffordshire. Mwezi Desemba 1912 akapatikana Natal, Afrika Kusini. Ndipo Waingereza wakaamini. Nusu ya ujuzi ilikuwa kwa kasisi mwenye daftari na nusu nyingine ilikuwa kwa wakulima wa huku wasioandika, na hapakuwa na barua iliyoziunganisha nusu hizo.

Je, daftari limewaokoa ndege wa Uingereza? Hapa ndipo sifa za White zinapogongana na ukweli. Hakuna nchi iliyoandika viumbe wake kwa bidii kuliko hiyo. Tangu mwaka 1979, kila mwisho wa Januari, watu hukaa saa moja dirishani kuhesabu ndege wa bustani zao na kuituma hesabu hiyo kwa shirika la kuhifadhi ndege la RSPB. Siku hizi ni zaidi ya watu nusu milioni. Na bado ripoti ya mwaka 2023 juu ya hali ya viumbe nchini humo ilisema spishi zilizochunguzwa zimepungua kwa wastani wa asilimia 19 tangu mwaka 1970, na karibu spishi moja kati ya sita imo hatarini kutoweka Uingereza Kuu. Shomoro, ndege aliyekuwa mkazi wa kila paa, amepungua vibaya tangu hesabu hizo zianze. Mashamba makubwa, dawa za kuua wadudu na kung'olewa kwa nyua za miti havikumwogopa mtu aliyeshika kalamu. Nchi hiyo inajua kwa usahihi wa kusikitisha ilichokipoteza, maana ilitazama bila kuwa na mwiko wa kusema hapa hagusi mtu.

Mara moja daftari lilipopata meno, mambo yalikwenda vingine. Kozi, ndege mwindaji mwenye kasi kuliko wote, alianza kutoweka katika miaka ya 1950. Mtafiti Derek Ratcliffe alichukua mayai ya kozi yaliyokusanywa na watu kwa miongo mingi, yakiwa na tarehe na mahali pa kila moja, akayapima. Mwaka 1967 alionyesha kwamba maganda yalikuwa yamekuwa mepesi ghafla mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati ule ule sumu ya DDT ilipoanza kumwagwa mashambani. Mama alikuwa akiyavunja mayai yake kwa kuyalalia. DDT ikazuiwa hatua kwa hatua mpaka ikapigwa marufuku, na kozi amerudi, leo anazaa hata juu ya makanisa ya mijini. Kumbukumbu iliyokutana na katazo ndiyo iliyomrudisha.

Japani imekwenda njia ambayo kwangu inatufaa zaidi sisi wa pwani, kwa sababu ilianzia kwenye furaha. Katika mji wa Kyoto, tangu karne ya 9, wafalme, makabaila na watawa wamekuwa wakiandika kwenye shajara zao siku walipokwenda kutazama maua ya mcheri na kufanya karamu chini yake. Hawakukusudia sayansi. Profesa Yasuyuki Aono alizikusanya shajara hizo moja moja, akapata mfululizo wa tarehe za maua unaogusa karne kumi na mbili. Mwaka 2021 maua yalichanua kikamilifu tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliotangulia katika kumbukumbu hizo. Rekodi ya awali ilikuwa tarehe 27 Machi, mwaka 1409. Mtu anayetilia shaka ongezeko la joto duniani anaweza kubishana na mashine, lakini ni vigumu kubishana na mtawa aliyekwenda kunywa chini ya mcheri akaandika tarehe.

Wajapani walikuwa na kalenda ya kulisindikiza jambo hilo. Mwaka waliugawa vipindi 72 vya siku tano hivi, kila kipindi kikipewa jina la kitu kinachotokea: mbayuwayu wanarejea, barafu inayeyuka, nyenze wanaanza kulia. Asili yake ni China, lakini mwaka 1685 mwanafalaki Shibukawa Shunkai aliirekebisha ilingane na hali ya hewa ya nchi yake. Mwaka 1953 Idara ya Hali ya Hewa ya Japani ikaifanya desturi hiyo kazi ya serikali: vituo vyake nchi nzima viliandika siku ya kwanza ya mbayuwayu kuonekana, ya nyenze kusikika, na kadhalika, viumbe na mimea ya aina 57. Kisha Januari 2021 idara ikakata orodha, ikabakiza aina sita tu za mimea. Wanyama wote waliondolewa. Sababu kubwa ilikuwa nyepesi kueleza: miji imeviziba vituo, na watazamaji walikuwa hawawapati tena viumbe waliotakiwa kuwaandika. Wananchi wa kawaida wakaombwa kuiendeleza kazi kwa hiari yao, na wengi wameitikia.

Nasema njia hiyo inatufaa kwa kuwa na sisi tuna kalenda ya jinsi hiyo. Wavuvi na wakulima wa Kiswahili huhesabu mwaka wa jua kuanzia Nairuzi, kwa miongo ya siku kumi kumi, na kwa hesabu hiyo wamekuwa wakijua lini kaskazi itageuka kuwa kusi, lini ni salama kuvuka, lini samaki fulani atakaribia, lini mbegu zitiwe ardhini. Makunduchi, kisiwani Unguja, bado huukaribisha mwaka huo kwa sherehe za Mwaka Kogwa kila Julai. Kalenda hii ni elimu nzima, iliyosafiri kutoka Uajemi na kupewa mwili mpya na bahari yetu. Lakini angalia tofauti. Mzee wa Makunduchi au wa Pate akisema masika siku hizi hayaji kama zamani, anasema kweli ninayoiamini, ila hana tarehe 50 za kuwaonyesha wanaopanga bajeti ya wilaya. Mtawa wa Kyoto anazo. Wote wawili walitazama kwa uaminifu, na mmoja tu ndiye aliyeandika.

Mtu asidhani basi kwamba mwiko umepitwa na wakati na sasa ni zamu ya takwimu peke yake. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, kilitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1998. Wavuvi wanaamini kwamba ni mahali alipopita mtu mtakatifu, Nabii Hadhara. Kanuni za serikali juu ya nyavu na baruti zilikuwapo na zilivunjwa. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990 mazungumzo yaligeuzwa yakaanza kutoka kwenye Qurani: binadamu kama mwenye amana, na desturi ya hima, ardhi na malisho yaliyowekwa akiba tangu zama za Mtume kule Arabuni. Wavuvi wengi waliopuuza faini walisikiliza amana. Ni mwiko mpya uliojengwa kwa mawe ya zamani, bila kumtisha mtu kwa uchawi, na ndiyo aina ya mwiko ninayoitaka.

Haya yote yanaweza kuonekana ya misituni na visiwani, mbali na anayeishi ghorofani Kariakoo au Majengo. Siyo. Katika miji yetu ya pwani ndege anayeonekana kuliko wote ni kunguru wa shingo ya kijivu, aliyeletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ale takataka. Alikula takataka, kisha akala vifaranga, kisha mayai ya kila ndege mdogo. Niliwahi kumtazama chozi akijenga kwenye waya wa kuanikia nguo barazani kwetu. Alileta utando wa buibui kwa mdomo wake mrefu, akaufunga kwenye waya kama mshonaji anayepiga bandi, akaning'iniza majani makavu na nyuzi za kanga mpaka kikawa kifuko chenye mlango ubavuni na kijipaa juu ya mlango. Majirani walipita chini yake kwa siku kadhaa bila kukiona, walidhani ni uchafu ulionasa. Kunguru alikiona siku ya kwanza makinda walipolia. Nilipouliza mtaani ni lini mara ya mwisho mtu alisikia kurumbiza asubuhi, kila mmoja alikumbuka wimbo wake na hakuna aliyeweza kutaja mwaka.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Mlembe anatufundisha kwamba mtu huwajua vizuri viumbe anaoishi nao, pale maisha yake yanapowagusa. Kaya na Misali vinaonyesha kwamba kujua hakutoshi bila katazo ambalo jamii yenyewe inaliheshimu. Selborne na Kyoto zinatuonyesha kwamba lisiloandikwa halisimami mbele ya hakimu wala mbele ya wajukuu. Sisi tunavyo viwili vya kwanza kwa wingi, na tunavipoteza kwa kukosa cha tatu. Hatuna haja ya kuiga mapenzi ya watu wengine kwa ndege. Ya kwetu yapo. Tunahitaji tarehe.

Na kazi imeshaanza, haihitaji kusubiri mradi wala mfadhili. Kila Jumatano asubuhi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu wa kila aina wamekuwa wakikutana kwenye Makumbusho ya Nairobi na kwenda kutazama ndege, kwa muda mrefu wakiongozwa na Fleur Ng'weno. Tangu mwaka 2013 Wakenya wanatuma orodha za ndege kwa simu kwenye ramani ya ndege ya taifa. Mwaka huo huo, katika kinamasi cha msitu wa Dakatcha nyuma ya Malindi, kwa mara ya kwanza palirekodiwa mahali anapozalia mnana wa Clarke, ndege asiyepatikana popote duniani isipokuwa kaunti ya Kilifi, na ambaye sayansi ilimpa jina tangu mwaka 1913. Miaka 100 ilipita, na kiota kilikuwa kwetu muda wote.

Nakuomba basi, msomaji, uliye na mzee nyumbani: muulize leo ndege gani walikuwa wakilia kabla ya masika alipokuwa mdogo, samaki gani alikuja na kusi, mti gani haukukatwa na kwa nini. Andika alivyosema, kwa lahaja yake, na jina analompa yeye yule kiumbe, hata kama halimo kwenye kamusi. Kisha anza kurasa zako mwenyewe: tarehe, mahali, upepo, ulichokiona. Mwalimu akiwa na darasa, ampe kila mtoto mti mmoja au kiota kimoja cha kukiandika mwaka mzima. Nakala moja ikae shuleni, nyingine kwa sheha au chifu, ili siku buldoza litakapofika kuwe na karatasi mezani. Kaunta buku la kurasa mia mbili halimshindi mtu. Linunue, na uandike mstari wa kwanza kabla ya magharibi ya leo.